Edmond Thieffry: avoka aliyefuata ndege mpaka Kongo, na laini ndogo ya Kisangani iliyomezwa

Anayetoka Bengamisa kwenda Kinshasa anajua hesabu yake vizuri. Kwanza kilomita zipatazo 50 za barabara ya Buta mpaka Kisangani, pikipiki ikikwepa mashimo. Halafu kuchagua: masua, siku nyingi juu ya maji ukilala katikati ya magunia na mbuzi, ao avio ku Bangoka kama mfuko unakubali. Mto ao anga. Wenye kusubiri barabara ya kwenda moja kwa moja wanasubiri bado.

Hesabu hii ni ya zamani kuliko vile watu wengi wanafikiri. Tarehe 1 Julai 1921, wakati Kisangani iliitwa Stanleyville, kilifunguliwa kipande cha mwisho cha laini ya ndege iliyotoka Kinshasa ikifuata mto. Miaka ile, miji mingi ya Ulaya yenyewe haikuwa imeona ndege ya kubeba barua kwa ratiba. Stanleyville iliiona. Lakini laini ile haikuishi hata mwaka mmoja tangu ifike huku. Ilifungwa, sosiete iliyoizaa ikaingizwa ndani ya sosiete kubwa zaidi, na ile kubwa ikageuza uso wake upande wa Katanga.

Katika habari hiyo yote kuna jina moja ambalo halikufutika: Edmond Thieffry. Alikuwa avoka, askari, rubani aliyevunja ndege nyingi, na mtu wa kwanza kuongoza safari ya ndege kutoka Ubelgiji mpaka Kongo. Alikufa huku mashariki, si mbali na Ziwa Tanganyika, akiwa anatafuta njia za kuunganisha miji ya Kongo kwa ndege. Alikuwa na miaka 36.

Kijana wa Etterbeek

Thieffry alizaliwa tarehe 28 Septemba 1892 Etterbeek, mtaa wa Brussels. Alisoma sheria ku chuo kikuu cha Louvain, na kama mambo yangekwenda kawaida angemaliza maisha yake akivaa kanzu nyeusi mbele ya mahakimu. Vita vya 1914 vilikata mpango huo. Aliitwa jeshini akapewa pikipiki, kazi yake ikiwa kupeleka ujumbe wa makamanda huko Liège, mji ambao Wajerumani waliushambulia kati ya ya kwanza. Alishikwa. Akatoroka, kwa pikipiki tena, akavuka mpaka na kuingia Uholanzi, nchi ambayo haikuwa vitani. Waholanzi nao wakamkamata, maana sheria ya vita iliwalazimisha kuzuia askari wa nchi zinazopigana. Inasimuliwa kwamba hapo ndipo masomo yake yalipomsaidia: alibishana nao kisheria mpaka wakamwacha aende. Akarudi jeshini.

Mwaka 1915 aliomba kuingia katika kikosi cha ndege, akapelekwa kujifunza Étampes, Ufaransa. Hapo alipata sifa ya ajabu: kati ya wanafunzi wa Ubelgiji, inasemekana hakuna aliyevunja ndege nyingi kama yeye. Kuruka alijua. Kutua ndiyo ilikuwa shida. Wakubwa wake walimweka kwanza katika kikosi cha kupeleleza, akaendelea kuharibu. Mwishowe wakamhamisha katika kikosi cha 5, kwenye ndege ndogo za kupigana zenye kiti kimoja. Watu walisema, nusu kwa mzaha, kwamba huko angalau hatahatarisha mtu mwingine pamoja naye.

Kumbe kiti kimoja ndicho kilichomfaa. Machi 1917 aliangusha ndege yake ya kwanza. Tarehe 3 Julai mwaka huo alikuwa Mbelgiji wa kwanza kuangusha ndege 2 kwa siku moja, na kwa jumla alihesabiwa 10. Tarehe 23 Februari 1918 zamu yake ikafika: alipigwa, akaanguka upande wa adui, akawa mfungwa mpaka vita vikaisha. Alijaribu kutoroka tena, safari hii bila kufaulu. Alirudi Brussels akiwa shujaa, akafungua ofisi ya uavoka.

Wakati yeye anarudi kwenye mafaili yake, kulikuwa na watu wengine waliokuwa wanatazama ramani ya Kongo.

Laini ya mfalme

Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji aliijua Kongo kwa miguu yake. Alipita huku mwaka 1909, akiwa bado mwana wa mfalme, akaona namna safari zilivyokula miezi. Baada ya vita alisukuma fikra ya kutumia ndege katika koloni. Mwaka 1919 ilianzishwa Brussels sosiete ya kujifunza usafiri wa anga, iliyojulikana kwa herufi SNETA. Tawi lake la Kongo likapewa jina la mfalme mwenyewe: Ligne Aérienne Roi Albert, kwa kifupi LARA.

Swali la kwanza lilikuwa rahisi kuuliza na gumu kujibu. Ndege itatua wapi? Kutoka Léopoldville mpaka Stanleyville ni pori, mabwawa na miti mirefu. Viwanja havikuwepo hata kimoja. Jibu lilikuwa mto wenyewe. Walileta ndege za Kifaransa aina ya Lévy-Lepen, zenye mwili kama mtumbwi, zinazopaa kutoka kwenye maji na kutua kwenye maji. Zilikuwa za mbao na kitambaa, mabawa mawili moja juu ya lingine, injini ikiwa nyuma ya rubani, na watu wasiozidi 3 waliokaa wazi, upepo na mvua usoni. Mizigo ilikuwa kidogo sana. Kazi kubwa ilikuwa barua za serikali na za sosiete, pamoja na afisa mmoja mmoja mwenye haraka.

Kipande cha kwanza, Léopoldville mpaka N'Gombe, kilifunguliwa tarehe 1 Julai 1920. Mwezi wa Machi 1921 walifika Lisala. Tarehe 1 Julai 1921 wakafika Stanleyville. Njia yote ilizidi kilomita 1.700, ikifuata kona za mto kama vile masua inavyofuata, juu injini ikizima rubani alipaswa kuwa na maji chini yake. Masua ya kupanda mto kutoka Léopoldville ilichukua majuma mawili hivi, mara nyingine zaidi. Ndege ilifanya siku tatu hivi, kwa sababu usiku hairuki.

Kwa mtu wa mashariki, faida ilikuwa kubwa zaidi ya Stanleyville yenyewe. Maporomoko ya Wagenia yanazuia masua zote, lakini tangu 1906 kulikuwa na reli ya kilomita 125 kutoka ng'ambo ya kushoto ya Stanleyville mpaka Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Kutoka Ubundu mto tena mpaka Kindu, reli mpaka Kongolo, mto mpaka Kabalo, na kutoka Kabalo reli iliyofika Albertville, yaani Kalemie, mwaka 1915. Barua iliyofika Stanleyville kwa ndege ilikuwa imeokoa majuma kabla ya kuanza mzunguko huo wa masua na treni.

Lakini mbao na gundi hazipendi ikweta. Joto na unyevu viliharibu ndege haraka kuliko vile mafundi waliweza kutengeneza, na kila kipuri kilitoka Ulaya kwa meli. Mto nao una michanga inayohama na magogo yanayoelea ambayo rubani hawezi kuyaona mpaka amekaribia. Abiria walikuwa wachache, mapato kidogo, gharama nyingi. Tarehe 7 Juni 1922 LARA ilifungwa. Stanleyville ilikuwa imehudumiwa kwa miezi 11 tu.

Wanahistoria wa anga wanapenda kuiita LARA majaribio, na hilo ni kweli. Ila mtu anaweza kuuliza majaribio hayo yalikuwa ya nani. Mwanakijiji wa kando ya mto, aliyekuwa akilipa kodi ya kichwa na kulazimishwa kulima mazao ya serikali, aliona ndege zikipita juu yake. Kiti hakikuwa chake, barua haikuwa yake. Sifa ilibaki ku Brussels, pamoja na somo.

Ndoa ya 1923

Tarehe 23 Mei 1923 kulizaliwa Sabena. SNETA, pamoja na yale iliyojifunza Ulaya na Kongo, ikaingizwa ndani yake. Serikali ya Ubelgiji iliweka pesa, na koloni la Kongo nalo likawekwa kati ya wenye hisa. Hili la mwisho halisemwi sana: sosiete iliyojulikana dunia nzima kama ya Wabelgiji ilikuwa, tangu siku ya kwanza, na pesa za Kongo ndani yake. Wakongo wenyewe hawakuulizwa.

Thieffry anaingia hapa. Alikuwa kati ya watu waliosaidia Sabena isimame. Akiwa na ofisi yake na wateja wake, hakuacha kuwaza ndege, na wazo lililomshika lilikuwa moja: LARA ilikufa juu ilikuwa peke yake, imekatwa na Ulaya, ikisubiri vipuri na barua kutoka kwa meli. Kama ndege ingeweza kutoka Brussels na kufika Léopoldville, laini za ndani zingekuwa na sababu ya kuishi. Aliwaendea wakubwa wa Sabena, wakasitasita. Alipata sikio la mfalme Albert, na milango ikafunguka.

Siku 51

Ndege waliyompa ilikuwa Handley Page W8f, kubwa kwa wakati ule, yenye injini 3. Ilipewa jina Princesse Marie-José, binti wa mfalme. Thieffry ndiye aliyeongoza safari. Pamoja naye rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker. Waliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925.

Walishuka Ufaransa, wakapita Uhispania, wakavuka bahari mpaka Oran, wakaingia Sahara kwa Colomb-Béchar. Hapo ndipo safari ilipokuwa safari. Mbele yao kulikuwa na jangwa lisilo na mji, lisilo na reli ya kufuata, lisilo na mtu wa kuuliza. Redio ya kuzungumza na ardhi haikuwepo. Rubani alisoma dira, jua na ramani yenye nafasi nyeupe nyingi. Mafuta yalipaswa kutangulia kuwekwa njiani. Walitokea Gao, kwenye mto Niger, wakafuata Niamey, Zinder, kisha Fort-Lamy, ambayo leo inaitwa N'Djamena. Kutoka huko Fort-Archambault, Bangui, na mwishowe mto Kongo.

Tarehe 3 Aprili 1925 walitua Léopoldville. Siku 51 zilikuwa zimepita. Ukihesabu saa ambazo ndege ilikuwa angani kweli unapata 75 na dakika 25, yaani siku tatu na kidogo tu. Kilomita zilikuwa 8.125. Kwa maneno mengine, kwa kila saa moja ya kuruka walikaa chini zaidi ya saa 15: kungoja dhoruba za mchanga zipite, kungoja vipuri, kutengeneza, kuchimba magurudumu kwenye matope na mchanga. Anayelalamika leo juu ya avio kuchelewa ku Bangoka anaweza kujipima na hao watatu.

Meli kutoka Antwerp mpaka Matadi ilichukua majuma matatu hivi. Kwa hiyo, kwa haraka tu, meli ilishinda. Magazeti ya Ubelgiji hayakujali, nayo yalikuwa na haki kiasi, maana jambo lililothibitishwa halikuwa mwendo. Ilithibitishwa kwamba njia ipo. Mwaka uliofuata, 1926, Wabelgiji wengine watatu, Medaets, Verhaegen na Coppens, walikwenda na kurudi kwa ndege ndogo zaidi kwa muda mfupi sana.

Shaba kwanza

Mwaka huo huo wa 1925 Sabena ilianza kufungua laini yake ya ndani ya Kongo. Haikurudi kwenye mto. Njia iliyochaguliwa ilikuwa Boma, Léopoldville, Luebo, mpaka Elisabethville, kilomita zipatazo 2.300. Sababu haikufichwa: Katanga ilikuwa na shaba, Kasai ilikuwa na almasi, na wakubwa wa migodi walitaka barua na wahandisi wao wafike haraka. Ndege sasa zilikuwa za kutua ardhini, kwa hiyo viwanja vilikatwa porini kimoja baada ya kingine, pamoja na vile vya msaada ambavyo rubani angekimbilia injini ikigoma. Waliong'oa visiki na kusawazisha udongo ni Wakongo, katika miaka ambayo kazi ya lazima ilikuwa sheria. Majina ya marubani yamehifadhiwa karibu yote. Majina ya hao waliotengeneza viwanja hayakuandikwa.

Stanleyville ilibaki pembeni. Mji ambao LARA ilifikia kwa jasho jingi ukarudi kwenye masua, na miaka ikapita mbele ya Sabena kuukumbuka. Hapa inafaa kusema wazi: kuungana kwa 1923 kuliiokoa kazi ya ndege katika Kongo, maana LARA peke yake isingeamka tena, lakini maamuzi yalihamia mahali ambapo hesabu ya mashariki ilikuwa ndogo. Sosiete ndogo ilifikiri mto. Sosiete kubwa ilifikiri migodi. Haki ilikuwa upande gani, msomaji wa Banalia na msomaji wa Lubumbashi hawatakubaliana.

Thieffry mwenyewe anaonekana hakuridhika na mstari mmoja wa kwenda Katanga. Kongo aliyoiona kichwani ilikuwa na ndege ndogo ndogo zikiunganisha miji ya ndani, kila mji na jirani yake, na ile laini kubwa ya Ulaya ikiwa kama shina. Mwaka 1928 alijaribu mara mbili kuruka tena kutoka Ubelgiji kuja Kongo, kwa ndege ndogo zaidi. Mara zote mbili alishindwa. Ni rahisi kudharau hilo, lakini alikuwa na miaka 35, familia na ofisi, na jina lake lilikuwa limeshaandikwa. Hakuna aliyemdai tena kitu.

Aprili 1929

Mwaka 1929 alikuja Kongo, na safari hii si kwa kutafuta sifa ya kuvuka jangwa. Alikuja kuchunguza namna ya kuanzisha huduma ya ndani, laini ambazo zingefika mpaka upande wa maziwa. Ndege ilikuwa Aviméta 92, ndogo, ya chuma. Anayejua mwezi wa Aprili upande wa Tanganyika anajua mvua zake: anga iko safi asubuhi, na mbele ya saa kumi wingu jeusi limesimama kama ukuta kutoka ziwani mpaka milimani. Hakukuwa na ofisi ya hali ya hewa ya kumwonya rubani. Hakukuwa na redio. Kulikuwa na macho yake tu, na kiwanja kimoja nyuma na kingine mbele.

Tarehe 11 Aprili 1929 ndege ilianguka karibu na Ziwa Tanganyika. Thieffry alikufa, pamoja na mwenzake Gaston Julien. Mtu wa tatu aliyekuwa nao, Gastuche, alipona.

Mtu aliyevunja ndege nyingi Étampes bila kupata jeraha kubwa, aliyeangushwa vitani akabaki hai, aliyepita Sahara bila kupotea, alimalizikia katika safari ya ndani, umbali mdogo, aina ya safari ambayo watu wa mashariki wanafanya leo kila siku kati ya Kalemie, Kindu, Bukavu, Goma, Bunia na Kisangani. Na ajali nyingi za huku, mpaka karne hii, zina viungo vile vile: ndege ndogo, mvua, kiwanja kisicho na vyombo, na haraka. Wakaaji wa Kisangani hawahitaji kukumbushwa tarehe 8 Julai 2011, wakati ndege ya Hewa Bora ilipoanguka ikijaribu kutua Bangoka katika mvua kubwa.

Jina likarudi angani

Kifo chake hakikusimamisha mpango. Mfalme Albert alizuru Kongo tena mwaka 1928, na mwaka 1932 mnara wa kumkumbuka Thieffry ulisimamishwa Etterbeek. Mfalme mwenyewe alikufa Februari 1934 akipanda mwamba huko Ubelgiji, kwa hiyo hakuona siku aliyoisukuma tangu 1919.

Siku hiyo ilikuwa 23 Februari 1935. Ndege ya Sabena, Fokker yenye injini 3, iliondoka Brussels ikiongozwa na Prosper Cocquyt na Jean Schoonbroodt, ikafungua huduma ya kawaida ya kwenda Kongo. Ilifika Léopoldville kwa siku tano na nusu. Ndege hiyo ilikuwa imepewa jina Edmond Thieffry. Kwa bahati ao kwa kupanga, tarehe hiyo ilikuwa ile ile ambayo, miaka 17 kamili nyuma, Wajerumani walimwangusha.

Stanleyville nayo ilipata tena zamu yake. Baada ya vita vya pili, Sabena ilipoanza kuleta ndege kubwa za kutoka Ulaya, mji ulikuwa kati ya vituo vyake vikubwa vya Kongo, na uwanja wa Simi-Simi ukajulikana mbali. Ni uwanja huo huo ambao askari wa miamvuli wa Ubelgiji waliurukia tarehe 24 Novemba 1964, wakati wa vita vya Wasimba. Lakini hiyo ni habari nyingine, na wazee wa Kisangani wanaisimulia wenyewe.

Baada ya uhuru, mwaka 1961, laini za ndani za Sabena zilipita mikononi mwa Air Congo, na Sabena ikabaki na hisa ndani yake. Mwaka 1971 Air Congo ikawa Air Zaïre, nayo ikaporomoka katika miaka ya 1990. Sabena ilifilisika Novemba 2001. Sosiete iliyomeza SNETA na kurithi kazi ya LARA haipo tena, wala watoto wake wa Kongo hawapo. Njia yenyewe, Kinshasa mpaka Kisangani, ndiyo bado inarukwa, leo na sosiete hii, kesho na ile, kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya Bengamisa hawezi kuilipa kwa mshahara wa mwezi.

Kwenye bandari ya Kisangani hakuna kibao kinachoonyesha mahali ambapo zile ndege za mbao zilitua mwaka 1921. Mitumbwi inapita, watu wa ng'ambo ya kushoto wanavuka kwenda Lubunga na kurudi. Etterbeek, kwa upande wake, ina barabara yenye jina la Thieffry, na chini ya ardhi kuna kituo cha metro chenye jina hilo. Wakongo wengi wa Brussels wanakipita kila siku wakienda kazini. Uko kwenye laini ya 5, unatoka Merode, mlango unafunguka Thieffry, mlango unafungwa, kinachofuata ni Pétillon.